Namba Mgongoni

Jumamosi, 7 Machi

Daftari hili lilikuwa la marehemu mume wangu. Kurasa tisa za mwanzo ameandika yeye, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kulia: mahudhurio ya mazoezi, nani kachelewa, nani kaja na kiatu kimoja. Baada ya hapo ni kurasa tupu. Leo nimeamua kuzijaza, kwa sababu leo nimepata kazi niliyokuwa naingoja miaka kumi na moja.

Mwalimu wa shule ya msingi, yule binti mwembamba anayeongea kama anakimbizwa, ndiye mwenyekiti wa klabu iliyofufuliwa. Kaingia dukani asubuhi na bunda la jezi za kijani zisizo na namba.

"Mama Fundi, shikamoo. Ligi inaanza wiki ijayo, daraja la chini kabisa. Tunaomba utushonee namba."

"Marahaba. Mafundi wako wengi. Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye ulishona za klabu ya zamani. Watu wanataka zifanane."

Wanataka zifanane! Nikapima bega la jezi. Akaendelea: siku ya mwisho ya msimu watatundika ubao wa historia ya klabu katika ukumbi wa shule, na mwenye karatasi za zamani hakuna mwingine ila mimi. Je, naweza kuandika historia hiyo, niisome mwenyewe mbele ya watu?

"Na Mwenyekiti wa zamani atakuwepo?"

"Tumemwalika. Atakaa mbele kabisa."

Nikamwambia nitashona, nitaandika na nitasoma. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Haya zenyewe ziliisha kabla hajavuka barabara.

Jumapili, 8 Machi

Niweke mambo sawa kwanza, nisije nikababaika huko mbele.

Mechi ya mwisho ya klabu ya zamani tulihitaji kushinda tu ili tusishuke daraja. Tukashinda moja bila, kwenye mvua, goli la Kisigino, mshambuliaji wetu namba tisa. Siku mbili baadaye wapinzani wakakata rufaa. Karatasi ya refa ilisema goli limefungwa na namba sita, na namba sita wetu alikuwa amefungiwa kwa kadi. Mume wangu ndiye alikuwa karani wa klabu: anaandika orodha ya wachezaji, anagawa jezi. Kamati ikataka maelezo. Mwenyekiti akajibu kwa barua ya mstari mmoja: klabu inakiri kosa la karani wake. Tukanyang'anywa ushindi, tukashuka. Mwezi haukuisha, Mwenyekiti akaivunja klabu, na uwanja, ambao ulikuwa kwa jina lake, akaujengea ghala la saruji.

Watu hawakuligusa ghala. Walikuja kwetu. Vioo viwili vya dirisha vikavunjwa, cha kwanza wiki ileile ya rufaa. Muuza nyama akaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa bucha lake, herufi ndefu kama mkono: KARANI KATUUZA. Kipaza, mtangazaji wa mechi, akatunga wimbo, na wanafunzi wakaubeba hadi shuleni. Mume wangu hakujibu neno. Kwa miaka minane alienda kazini kwa njia ya nyuma, akarudi kwa njia ya nyuma, na akafa na mdomo wake umefungwa.

Mimi namjua aliyebadilisha orodha. Aliyefaidika ni nani? Nimelijua hili miaka yote, nilikosa tu pa kulisemea. Sasa wamenipa ukumbi.

Jumamosi, 14 Machi

Tumefungwa tatu bila. Namba zangu zilionekana vizuri sana, maana vijana wetu walikuwa wanawapa watu migongo muda wote.

Jumanne, 17 Machi

Muuza nyama kaleta suruali mbili nizipunguze urefu. Kaniita shemeji, bila aibu, kama vile ukuta ule alioandika ni wa mtu mwingine. Nimezipunguza. Mguu wa kushoto nimeupunguza kidole kimoja zaidi.

Jumamosi, 28 Machi

Sare. Mvua zimeanza.

Jumanne, 31 Machi

Kipaza kaleta shati la kushonewa ukosi mpya. Nimempimia kwa kamba badala ya futi, na kamba nimeivuta. Atakapotangaza mechi ijayo, atatangaza kwa tabu.

Jumamosi, 4 Aprili

Tumeshinda! Mbili moja. Kipaza alitangaza goli la pili akiwa na macho mekundu, akafungua kifungo cha juu, kikaruka. Roho yangu ilisuuzika mara mbili kwa siku moja.

Naandika hapa na najiona. Mwanamke wa miaka hamsini na nane anamkomoa mtu kwa kifungo. Na iwe hivyo. Wao walimkomoa mtu kwa wimbo.

Jumapili, 19 Aprili

Nimeipata!

Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la marehemu, ndani ya bahasha ya picha: nakala ya orodha ya mechi ile ya mwisho, kwa mkono wake, na muhuri wa klabu. Kisigino, tisa. Namba sita hakuna. Kapiga mstari mahali pa sita na pembeni kaandika "amefungiwa". Mume wangu hakukosea. Nilikaa chini sakafuni na karatasi ile kifuani, nikalia mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi orodha iliyofika kwa kamati ilikuwa nyingine, na kuna mtu aliiandika. Historia yangu imepata uti wa mgongo.

Jumatano, 22 Aprili

Nimekwenda mazoezini kumuuliza Kisigino. Siku hizi ndiye kocha wetu, ana goti bovu na ulimi mzima.

"Siku ile ulivaa jezi namba ngapi?"

"Mama, mgongo wangu siuoni. Nilivaa niliyorushiwa. Si unamjua Karani? Jezi zimekunjwa, anasoma shingoni, anaita, anarusha. 'Tisa!' Nikadaka, nikavaa, nikafunga goli."

Ni kweli. Hiyo ya shingoni ilikuwa kazi yangu. Kabla sijashona namba ya mgongoni, naiandika kwanza kwa wino ndani ya shingo, ili mume wangu asipate shida ya kukunjua. Bado nafanya hivyo hadi leo.

"Kwa hiyo ulivaa tisa."

"Kama aliita tisa, nilivaa tisa."

Shahidi wa pili huyo. Nimemwandika.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Mechi imeahirishwa. Nimeongeza kurasa mbili.

Jumamosi, 16 Mei

Ushindi wa nne mfululizo. Jambo linaloniudhi ni hili: naanza kuwapenda. Leo uwanja wa shule ulijaa maji upande wa goli la chini, na kabla ya mechi nikamwona muuza nyama kaingia na ndoo, kachuchumaa, anachota maji na kumwaga nje ya mstari. Saa nzima. Mguu wa kushoto wa suruali umepanda mpaka soksi inaonekana, na anachechemea kidogo, kama mwili umeshaamini kwamba mguu mmoja ni mfupi. Baadaye kaniletea ubao mzuri wa mbao ngumu, karanda mwenyewe, kwa ajili ya historia.

"Shemeji, andika vizuri. Watoto wasome."

Nikampokea ubao bila kumtazama usoni. Sitaki kumhurumia. Nikimhurumia yeye, marehemu atabaki na nani?

Jumapili, 7 Juni

Historia imekamilika, kurasa tano. Mwenyekiti nimemtaja mara ishirini na mbili. Nimeisoma kwa sauti mbele ya cherehani, ikanitoka bila kukwama. Pale pa "huyu aliyekaa mbele yenu" nitanyamaza kidogo, nimtazame, kisha niendelee.

Mwalimu aliniomba kuisoma kabla. Nikamwambia mchuzi hauonjwi na wageni. Akacheka, hakujua namaanisha nini.

Jumatano, 17 Juni

Nitaandika yote leo hiihii.

Saa nne asubuhi Mwenyekiti wa zamani kaja dukani, peke yake, kwa miguu. Miaka yote hii nimekuwa namchukia mtu mnene mwenye kicheko. Aliyesimama mlangoni ni mzee, shati limemzidi, ana fimbo. Mdomo wangu ukamwamkia wenyewe, shikamoo, nikauchukia mdomo wangu.

"Marahaba. Mwalimu kaniambia unaandika historia."

"Naandika."

"Basi hii itahitajika. Imeliwa na wadudu begani. Itie kiraka, itundikwe pamoja na ubao."

Akatoa mfukoni jezi ya kijani, imekauka matope ya zamani. Haijafuliwa tangu siku ile. Akaitandaza juu ya meza yangu. Mgongoni ilikuwa sita.

"Ndiyo jezi ya goli la mwisho," akasema.

Nikasimama. "Kwa hiyo unaleta ushahidi wako mwenyewe? Mume wangu aliita tisa, nyie mkamvika mtu sita?"

"Igeuze, Mama Fundi."

Nikaigeuza ndani nje. Shingoni, kwa wino wangu, kwa mwandiko wangu, ilikuwa tisa.

Fundi hahitaji kuelezwa. Sita na tisa nilikuwa nazikata kwa kadibodi moja, unaigeuza tu. Namba yoyote nikishona naanzia kichwani na kumalizia mguuni, nafunga uzi kwa mishono mitatu. Nikatazama. Mishono mitatu ilikuwa juu. Na hapo nikaikumbuka asubuhi ile yote. Jezi ya tisa ilichanika wiki ya nyuma, vijana wamesimama mlangoni wanapiga honi ya baiskeli, mimi nawaambia subirini dakika kumi tu. Nikashona mpya kwa dakika kumi. Nikakunja. Mume wangu akasoma shingoni, akarusha. Sita yenyewe ilikuwa imebaki nyumbani kwenye begi, hakuna ya kufananisha nayo. Mvua, matope, refa akaona sita, akaandika sita.

Nikakaa. Mzee naye akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Alikuja kwangu siku kamati ilipotaka maelezo," akasema, "na jezi hii ndani ya koti. Akaniambia, tukiionyesha kamati huenda tukashinda, kwa sababu shingoni ni tisa na orodha ni tisa. Lakini, akasema, mtaa mzima utajua aliyekosea ni mke wangu. Na kioo chenu cha kwanza kilikuwa kimeshavunjwa."

"Halafu akasema nini?"

"Akasema, andika ni karani."

"Na wewe ukaandika."

"Nikaandika. Usidhani ilikuwa wema, Mama. Ule uwanja nilikuwa nautaka niujengee ghala. Mtu kaja mwenyewe kujitia kitanzi, mimi nikavuta kamba."

"Mbona unaniambia leo?"

"Kwa sababu nitakaa mbele. Ukisoma yangu, soma yote. Nusu sitaivumilia."

Nikamwambia atoke. Akatoka. Fimbo kaisahau kwenye kiti, nikamkimbilia nayo hadi kwenye kona, nikampa. Nikaichukia na miguu yangu pia.

Alhamisi, 18 Juni

Nani alikuomba, mume wangu? Nani alikwambia mimi siwezi kuvunjiwa vioo? Miaka minane tunakula meza moja, nawalaani watu mbele yako, nakusikia unasema "achana nao, mke wangu", nakuona mwoga. Mungu anisamehe, nilikuona mwoga.

Jumamosi, 20 Juni

Tumeshinda. Sikwenda.

Jumatatu, 22 Juni

Bega la jezi limeshapata kiraka. Niandike na hili, maana daftari hili limeshajua mengine yote.

Leo nilichukua wembe mdogo wa kufumulia. Namba ile ni nyepesi: unaifumua, unaigeuza, unaishona upya. Dakika kumi. Ikigeuzwa inakuwa tisa mgongoni na tisa shingoni, na nina orodha yenye tisa. Mume wangu anakuwa safi, mimi nakuwa safi, na Mwenyekiti anabaki mwongo kuanzia kichwani hadi miguuni. Nani atamwamini yeye? Kurasa tano zimeshaandikwa.

Nikafumua mishono miwili. Nikaingoja roho isuuzike, haikusuuzika. Jezi hii aliibeba ndani ya koti lake, akapita nayo mbele ya watu wenye mawe. Ni kitu pekee ninachoweza kukishika cha siku ile. Nikiigeuza namba, alichokifanya kitakuwa hakijafanyika.

Nimeirudisha mishono miwili palepale, juu, ilipokosewa. Kisha nikachana kurasa tano.

Jumapili, 28 Juni

Jana tumepanda daraja. Moja bila, na hapakuwa na mvua. Kipaza alitangaza mpaka sauti ikamkauka, vijana wakambeba Kisigino na goti lake bovu, watu wakaingia ukumbini bado wanaimba. Mwenyekiti wa zamani alikaa mbele, mikono miwili juu ya fimbo. Jezi niliitundika mwenyewe karibu na ubao, mgongo kwa watu: sita.

Nilikuwa na karatasi moja tu. Nikaeleza mechi ya mwisho, rufaa, orodha. Nikawaonyesha orodha. Kisha nikaishusha jezi, nikaigeuza ndani nje, nikawaonyesha shingo.

"Aliyepindua namba ni mimi," nikasema. "Karani alijua. Akajibebesha ili msinipige mawe mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilikuwa nimeacha hata hela ya vioo kwa jirani.

Kipaza ndiye aliyeanza. Akacheka. Si kwa ubaya, kicheko kilimponyoka tu. "Sita na tisa! Mama Fundi!" Na ukumbi mzima ukafuata. Wakacheka kwa furaha ya siku, wakapigana mabega, mmoja akasema hata yeye angeipindua, mwingine akasema basi yamepita, tumepanda daraja. Muuza nyama alifuta machozi kwa kiganja. Walinisamehe kabla sijakunja jezi.

Niliwatazama. Mume wangu alifia jambo la kuchekesha. Sijui kama siku ile nayo wangecheka. Siku ile walikuwa na mawe. Hakuna atakayejua sasa. Nilichojua ni kwamba sitakubali kusamehewa bure namna hiyo.

"Mkimaliza kucheka," nikasema, "mnyamaze."

Wakanyamaza.

"Muuza nyama. Ukutani kwako uliandika nini?"

"Shemeji, yale..."

"Simama uyasome. Wewe uliandika, unayajua."

Akasimama. Mguu mmoja wa suruali juu, mwingine chini. "Karani katuuza," akasema, polepole, akitazama viatu.

"Kipaza. Imba."

"Mama, nisamehe."

"Uliimba bila kuombwa. Leo nakuomba."

Akaimba. Karani, karani, kalamu yako imetuponza. Mstari mmoja tu, na katika ule ukumbi uliokuwa ukiujua wimbo wote hakuna aliyemwitikia. Wa pili haukumtoka.

Sikuhitaji kumwita Mwenyekiti. Alisimama mwenyewe, akajishikilia kwenye fimbo, akaitamka barua yake bila kusoma popote: "Klabu inakiri kosa la karani wake." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: "Niliandika hivyo na jezi hii ikiwa mezani kwangu, kwa sababu nilitaka kiwanja." Hakukaa. Akatoka nje, fimbo ikigonga sakafu, na hakuna aliyempisha kwa heshima.

Nilibaki mimi. Nikasema, "Nami nilimwona mwoga." Nikakaa.

Nilidhani nitakuwa na furaha. Nilikuwa nayo, sitadanganya, nilipomwona Kipaza anatafuta mstari wa pili. Haikufika nyumbani.

Jumanne, 30 Juni

Mwalimu na vijana wawili wamepaka rangi ukuta wa bucha. Mkaa ule ulikuwa umeshafutika zamani, wamepaka tu.

Ijumaa, 3 Julai

Muuza nyama kaja dukani, kasimama mlangoni na suruali mbili mkononi.

"Shemeji, mguu wa kushoto ni mfupi. Ulijua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa, kana kwamba hesabu imemkubali. "Zina kitambaa cha kushushia?"

"Nilikibakiza. Ziache hapo."

Jumamosi, 4 Julai

Wameleta jezi za msimu ujao, za daraja la juu. Nimeshona moja hadi tano, kisha nikaifikia sita. Nimechukua kipande cha kitambaa cheupe, upana wa kidole, nikakishona chini ya namba kama mstari, ili mtu ajue wapi ni chini. Tisa nayo hivyohivyo.

Ni mstari mdogo tu, mume wangu. Ungeniambia, ningeuweka siku ileile.